Simu ikitaja jina la ndege wa Taita, je, yaaminika?

MKAZI wa Voi anayepanda milima ya Taita siku hizi hahitaji kubeba kitabu cha ndege. Humpiga ndege picha kwa simu, huiingiza katika programu, na mara jina hujitokeza. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: jina hilo laweza kuaminiwa kwa kiwango gani?

Swali hilo si dogo. Misitu ya Ngangao, Mbololo na Vuria ni makao ya ndege wasiopatikana kwingineko duniani. Mmoja wao ni apalisi wa Taita, aliye katika kundi la viumbe wanaokabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuangamia. Kwa ndege wachache kiasi hicho, rekodi moja isiyo sahihi yaweza kuwafanya wahifadhi waamini kuwa yuko mahali asipokuwepo, au wapuuze msitu anamoishi.

Ni vyema kuelewa jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Kompyuta huonyeshwa picha nyingi ambazo binadamu wamekwisha kuzipa majina, nayo hujifunza kulinganisha rangi na maumbo. Mtandao wa iNaturalist, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 2008, ulianza kupendekeza majina kwa njia hii mwaka wa 2017. Spishi huhitaji takriban picha 100 ndipo kompyuta ifunzwe kuitambua. Shomoro wa mjini hakosi wapigapicha, lakini ndege wa msituni Taita hana wengi. Asiyekuwemo katika mafunzo hawezi kutajwa, na kompyuta huelekea kumpa jina la jamaa anayefanana naye.

Chukua mfano wa ndege wadogo wenye pete nyeupe jichoni. Katika nyanda kavu zinazozunguka Voi wapo wenye tumbo la manjano. Katika misitu ya Taita na Mlima Kasigau yupo mwingine, Zosterops silvanus, mwenye pete pana na tumbo la kijivu. Kivuli cha miti kikiharibu rangi katika picha, tofauti hiyo hupotea.

Aidha, majina yenyewe hubishaniwa. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walimhesabu apalisi wa Taita kuwa tawi tu la spishi inayoenea hadi Afrika Kusini. Kwa hivyo, jibu la simu hutegemea pia orodha ya majina iliyofuatwa na waundaji wa programu.

Usiku mambo huwa magumu zaidi. Perere wa Taita husikika kuliko anavyoonekana. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Helsinki chenye kituo Wundanyi, walipochapisha utafiti kumhusu mwaka wa 2022, waliandika jenasi pekee bila kutaja spishi. Pale ambapo mtaalamu amesita, haifai mashine iamue kesi.

Hata hivyo, teknolojia hii haistahili kutupwa. Imewavuta watu wengi katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya wachache, nayo hukisia vyema viumbe wa kawaida. Kinachohitajika ni uhakiki. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulioanza mwaka wa 2013 kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa, hugawa nchi katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9. Ndege akiripotiwa nje ya eneo lake linalojulikana, aliyemwandika huombwa ushahidi. Katika iNaturalist, zaidi ya thuluthi mbili ya wanaotaja jina lazima wakubaliane kabla rekodi haijahesabiwa kuwa ya kutumika katika utafiti.

Lakini kinga hiyo nayo ina tundu. Mtu wa pili akikubali jina kwa kuwa simu yake pia imelipendekeza, hapo hakuna mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja aliyesikika mara mbili.

Basi anayerekodi na apige picha zaidi ya moja, aandike mahali, aina ya mimea na sauti aliyoisikia. Asipokuwa na hakika, aishie kwenye jina la kundi. Jina laweza kusahihishwa hata baada ya miaka 20, mradi picha na maelezo ya mahali vimehifadhiwa. Jina lililoandikwa bila ushahidi halina wa kulisahihisha.