MCHEZO WA NGUMI: MWANAFUNZI AANZE LINI KUPIGANA NA MWENZIWE?

Leo twataka kueleza jambo moja la mchezo wa ngumi ambalo vijana huliuliza sana, na walimu hulijibu kwa namna mbalimbali. Nalo ni hili: mtu anayejifunza mchezo huu asimamishwe lini mbele ya mwenziwe, wapigane kwa mazoezi? Wengine husema siku ile ile ya kwanza, ili ijulikane kama ana moyo. Wengine husema asipigane kabisa hata mwaka upite. Sisi twaona ya kuwa kauli zote mbili zina hasara, na tutaonyesha kwa nini.

Kwanza yafaa tujue kupigana kwa mazoezi ni nini. Si shindano. Katika shindano kila mmoja hutafuta kushinda. Katika mazoezi kila mmoja hutafuta kujifunza, na aliye hodari zaidi hana budi kuzuia nguvu zake. Tofauti hii ni ya zamani. Jack Broughton wa London, aliyetoa kanuni za mchezo huu mwaka wa 1743, alikuwa na wanafunzi wake, akawatengenezea vifuniko vya mikono vilivyojazwa ndani, ili wasiumizane nyuso wakati wa kujifunza. Lakini katika mapigano yenyewe watu wa zamani zile waliendelea kupigana mikono mitupu. Kanuni zinazoitwa za Queensberry, zilizotaka glavu, vipindi vya dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, zilitolewa mwaka wa 1867 tu. Basi twaona ya kuwa glavu zilianza kwa wanafunzi kabla ya kufika ulingoni. Walimu wa kwanza walijua kwamba anayejifunza yapasa kulindwa.

Alindwe na nini? Watu hufikiri ni pua na meno. Hayo ni kweli, lakini jambo kubwa ni ubongo. Mfano wake ni maziwa ndani ya kibuyu. Mtu akikitikisa kibuyu, chaweza kubaki kizima kwa nje, wala kisiwe na ufa, na huku maziwa yamesukwa ndani. Hali kadhalika kichwa kikipigwa na kugeuka ghafla, fuvu huwa zima, lakini ubongo umetikisika. Tena ukikifunga kibuyu kwa nguo, hutayazuia maziwa yasisukike. Ndiyo sababu kofia ya kinga husaidia kuzuia ngozi isipasuke, lakini haimwondolei mtu hatari ya kutikisika ubongo. Mwalimu asidanganyike kwa kofia.

Mwaka wa 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari za wapigana ngumi waliopatwa na ugonjwa wa ubongo, wakayumba katika kwenda na kupungua akili kama walevi, wala hawakunywa kitu. Alitaja hasa wale wasio hodari sana waliotumiwa na wenzao kwa mazoezi, wakiangushwa mara nyingi. Basi si shindano peke yake liletalo madhara. Hata mazoezi huyaleta, yakiwa ya ovyo.

Sasa mtazameni mwanafunzi aliyetiwa ulingoni siku ya kwanza. Ngumi ikija, hufumba macho, hugeuza uso, huinua kidevu. Hivyo hupigwa na ngumi asiyoiona, na shingo yake haikujiandaa. Akifanyiwa hivyo wiki baada ya wiki, hajifunzi ushujaa. Hujifunza hofu, na hofu ikishakuwa desturi ni vigumu kuiondoa. Wengi huacha mchezo, na watu husema hawakuwa na moyo, kumbe hawakupewa elimu.

Walakini kungoja mno nako kuna hasara. Hakuna aliyejifunza kuogelea juu ya mchanga. Gunia halirudishi ngumi, na kivuli hakimdanganyi mtu. Anayepiga gunia mwaka mzima hujiona fundi, kisha akikutana na mtu anayekwenda na kurudi, hupotewa na yote aliyoyajua.

Basi aanze lini? Walimu wengi hutaja miezi 3 kwa anayefanya mazoezi mara 2 au 3 kila wiki, na wengine huongeza hata miezi 6. Lakini kalenda si mwalimu. Twapenda kutazama dalili tano. Ya kwanza, asimame na kwenda mbele, nyuma na pembeni pasipo kupishanisha miguu. Ya pili, kila apigapo, mkono wake urudi penye shavu bila ya kukumbushwa. Ya tatu, aweze kukinga na kukwepa ngumi nyepesi macho yakiwa wazi. Ya nne, pumzi zake zitoshe vipindi 3 vya mazoezi mazito, kwa kuwa mtu aliyechoka hushusha mikono. Ya tano, aweze kuguswa usoni asikasirike. Asiye na hii ya tano asipewe mwenzi, hata kama anazo zile nne.

Akiisha kuwa nazo, aingizwe kwa daraja. Mwanzo mmoja apige na mwingine akinge tu, na ngumi itajwe kabla ya kupigwa. Kisha wote wawili watumie mkono wa mbele peke yake. Kisha wapige mwilini tu, wasiguse kichwa. Mwisho wapigane kwa mikono yote, polepole, vipindi 2 vya dakika 2, na mwalimu karibu yao. Mwenzi wa kwanza asiwe mgeni kama yeye, maana wageni wawili hupigana kwa woga, na woga hauna kipimo. Awe mzoefu mwenye uzito sawa na tabia ya upole. Glavu ziwe kubwa. Watu wazima hutumia za aunsi 16, ijapokuwa za mashindano ya ridhaa ni za 10 au 12. Kinga ya meno isikosekane. Mara moja kwa wiki yatosha kwa anayeanza. Na watoto wadogo, sisi twaona wasipigwe kichwani kabisa.

Tena kuna jambo ambalo kila mzazi na kila mwanafunzi alishike. Mtu aliyepigwa kichwani, kisha akaumwa na kichwa, akatapika, akaona vitu viwili viwili, akasahau alipo au akasinzia kuliko desturi, aache mara moja, wala asirudi siku ile hata akisema amepona. Apelekwe hospitali. Kanuni za kimataifa za mchezo wa ridhaa zimekuwa zikimzuia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa asipigane, hata kwa mazoezi, muda usiopungua siku 30. Mwenye kuuficha ugonjwa huo ili asionekane mnyonge, ajua anachokihatarisha?

Katika Afrika ya Mashariki twajivunia mchezo huu. Titus Simba wa Tanzania alipata nishani ya fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka wa 1970. Robert Wangila wa Kenya alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka wa 1988, Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata katika ngumi. Lakini Wangila huyo huyo alifariki mwaka wa 1994 kwa jeraha la kichwa, baada ya pigano huko Las Vegas. Hakuwa mgeni wa mchezo, alikuwa bingwa. Ikiwa bingwa hakusalimika, je, kijana asiyejua hata kukinga?

Kwa hiyo, kijana, ukiambiwa bado, usione umedharauliwa. Nawe mwalimu, ukiona mwanafunzi yu tayari, usimweke nyuma kwa sababu ya hofu yako. Mwulize kila baada ya mazoezi: umejifunza nini leo? Akiweza kujibu, mazoezi yalikuwa mema. Akiweza kusema tu ni nani aliyempiga mwenziwe zaidi, yapunguzeni, mrudi kwanza kwenye miguu na kukinga.