Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huo yafaa ukumbukwe na kila anayekusudia kutoa akiba yake, pengine kiinua mgongo cha utumishi wa miaka mingi, ili anunue nyumba ya kupangisha. Wengi hutazama rangi, huhesabu vyumba, hujumlisha kodi ya mwezi, kisha hulipa. Mkaguzi wa majengo huitwa baadaye, paa linapovuja na wapangaji wanapoanza kuhama.

Kosa hilo haligharimu fedha peke yake. Tarehe 29 Aprili, 2016, nyumba ya kupangisha ya ghorofa sita iliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, kando ya mto, baada ya mvua kubwa. Watu wasiopungua 49 walipoteza maisha. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa haifai kukaliwa, lakini wapangaji walikuwa wangali ndani. Hapana shaka kwamba ukaguzi usiofuatwa na vitendo haumwokoi mtu.

Mnunuzi na amtafute mkaguzi wake mwenyewe, mwenye ujuzi na aliyesajiliwa, wala asimpokee yule aletwaye na dalali au muuzaji. Anayelipwa na muuzaji ni vigumu kumtumikia mnunuzi. Tena malipo yake yasitegemee kununuliwa kwa nyumba, maana ushauri wake ulio bora huenda ukawa, "Usinunue."

Siku ya ukaguzi mnunuzi asibaki nyumbani akingoja habari. Afuatane na mkaguzi, apande naye darini, ainame naye penye karo la maji machafu, na aulize kila asichokielewa. Ufa mwembamba wa lipu si sawa na ufa unaokata ukuta kwa mshazari. Huu wa pili huenda ukawa ishara ya msingi unaodidimia. Huku pwani, zege lililochanganywa na mchanga wa bahari usiooshwa hutia nondo kutu. Kutu hiyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Rangi mpya yaweza kuficha hayo kwa msimu mmoja tu. Aidha, michoro iliyoidhinishwa ilinganishwe na jengo lenyewe, kwa kuwa msingi uliochimbwa kwa ghorofa mbili haupaswi kubebeshwa nne.

Yafaa pia ieleweke kwamba jicho la mkaguzi halipenyi ukuta. Akitilia shaka nguzo, akubaliwe kuita mhandisi ili zege lipimwe. Taarifa yake na iandikwe, ikitenga ya kutengenezwa mara moja na yale yawezayo kusubiri. Kwa taarifa hiyo mnunuzi ataweza kudai bei ipunguzwe, au kuondoka na fedha zake.

Baada ya kununua, kazi haikwishi. Mwenye nyumba na amrudishe mkaguzi mara kwa mara, na awasikilize wapangaji wake, kwani wao ndio wauonao ufa kwanza. Anayepokea kodi kila mwezi amepokea pia dhamana ya watu wanaolala chini ya paa lake. Ada ya mkaguzi hulipwa ikahesabika. Uhai wa mpangaji hauna bei.