Elimu ya Juu katika Historia na Sanaa ya Bizanti

Bizanti ni jina ambalo wanahistoria wameipa Dola ya Roma ya Mashariki, ambayo makao yake makuu, Konstantinopoli, yalizinduliwa mwaka 330, yakatekwa na Waturuki wa Uthmani mwaka 1453, na leo huitwa Istanbul. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayeichagua taaluma hii hana budi kujifunza Kigiriki cha zama hizo, pamoja na paleografia, yaani elimu ya kusoma hati za kale na kukadiria umri wake kwa kuchunguza maumbo ya herufi.

Katika sanaa, huchunguza mozaiki, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, kama zile za kanisa la San Vitale mjini Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547, ambamo Kaisari Justiniano ameshika sahani ya mkate wa ibada na mkewe, Theodora, kikombe cha divai, huku vipande vya dhahabu viking'aa kila vinapopigwa na mwanga.

Elimu hii inastahili kuenziwa, kwani maandishi mengi ya Wagiriki wa kale, yakiwemo ya Plato, yamesalia kwa sababu Wabizanti waliyanakili kwa mkono, karne baada ya karne.