Meli Isiyotaka Pembe Mraba

Mwaka 2016 vyombo vya habari vya Marekani vilisimulia kisa cha mvuvi wa kambakoche wa jimbo la Maine. Rada ya chombo chake ilionyesha alama ndogo, ya mashua ya futi 40 au 50 hivi, kama ya mvuvi mwenzake. Kumbe kilichokuwa kinapita ni Zumwalt, manowari mpya ya jeshi la majini iliyokuwa kwenye majaribio: futi 610, karibu urefu wa viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa.

Zumwalt ilimeza fedha hadi wenyewe wakashtuka. Meli 32 zilizokusudiwa mwanzoni ziliishia kuwa tatu. Wazo lililoizaa halikufa, ila limehamia kwenye manowari za ukubwa wa kati ziitwazo frigeti, ambazo mataifa mengi yanazimudu. Mfano mzuri uko India. Mwaka 2015 nchi hiyo iliagiza frigeti saba za makombora ya kuongozwa, chini ya mradi uitwao 17A: nne zijengwe Mazagon Dock mjini Mumbai, tatu GRSE mjini Kolkata. Ya kwanza, INS Nilgiri, iliingizwa rasmi jeshini tarehe 15 Januari 2025. Ina urefu wa mita 149 na uzito wa tani 6,670 hivi. Zote saba zina majina yanayoishia na "giri", yaani mlima kwa Kisanskriti. Ni jina la ajabu kidogo kwa kitu kinachotaka kisionekane.

Siri yenyewe mtu anaweza kuianzia kwenye baiskeli. Kile kioo chekundu cha nyuma hakina taa, lakini gari likikimulika kinawaka kama kaa la moto. Ukikichungulia kwa karibu utaona kimejaa vijipembe vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa ni nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba pale kuta mbili zinapogusana na sakafu. Mwanga ukiingia kwenye kona hiyo hudunda uso mmoja, ukadunda wa pili na wa tatu, kisha hurudi kule kule ulikotoka, hata kama baiskeli imesimama upande.

Mawimbi ya rada yana tabia hiyo hiyo, na meli ya kivita ya zamani ilikuwa kioo cha baiskeli kilichokuzwa. Ubavu wima ulikutana na sitaha ya bapa. Juu yake palikuwa na masanduku ya makombora, boti za kuokolea, ngazi, reli, milingoti ya vyuma iliyofumwa kama kiunzi cha jengo. Nilgiri ya zamani, iliyotangulia kubeba jina hilo, iliyojengwa hapo hapo Mazagon Dock kwa mchoro wa Kiingereza na kuanza kazi mwaka 1972, ilikuwa na pembe za kutosha kuwasalimia maadui wote wa bahari ya Hindi kwa mpigo.

Hata bila kona, bati tupu lina makelele. Bamba la chuma la mita moja ya mraba, likielekea rada uso kwa uso, na mawimbi yakiwa ya sentimita tatu, hurudisha mwangwi unaolifanya lionekane kama kitu cha mita za mraba karibu 14,000. Dawa yake ni kulilaza. Bamba likiinamishwa nyuzi 10, mwangwi hupinda nyuzi 20 na kwenda zake angani, huku aliyepiga rada akibaki anasubiri. Wafaransa waliijengea meli nzima kanuni hiyo katika frigeti La Fayette, iliyoanza kazi mwaka 1996, na tangu hapo manowari karibu zote mpya zina mbavu zilizolala. Aprili 2025 INS Chennai, manowari ya India yenye mbavu za namna hiyo, ilifika Dar es Salaam kwa AIKEYME, mazoezi ya pamoja ya India na nchi za Afrika.

Kwenye Nilgiri mpya wachoraji wamekwenda mbali zaidi. Sehemu ya kufungia kamba za gatini imefunikwa. Makombora manane ya BrahMos ya kupiga meli, na 32 ya Barak 8 ya kudungua ndege na makombora mengine, yamesimamishwa wima ndani ya tumbo la meli. Juu ya sitaha huonekana vifuniko tu.

Halafu inakuja hesabu, na hapa ndipo ahadi za wauza silaha zinapopaswa kusikilizwa kwa sikio moja. Nguvu ya rada hutawanyika ikienda, na mwangwi hutawanyika tena ukirudi. Kwa sababu hiyo, ukipunguza mwangwi wa meli hadi nusu, umbali ambao rada inaiona hupungua kwa asilimia 16 tu. Ukitaka umbali huo uwe nusu, mwangwi lazima ushuke mara 16. Ukiutaka uwe sehemu moja ya kumi, mara 10,000.

Sasa kwa nini wajisumbue? Jibu limo katika vita vya visiwa vya Falklands. Tarehe 4 Mei 1982 kombora la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina liliipiga manowari ya Uingereza HMS Sheffield, wakafa watu 20. Kombora la aina hiyo huruka mita chache juu ya maji, kwa kasi ya mita 300 hivi kwa sekunde, na hutumia rada yake ndogo kutafuta shabaha. Kila kilomita ambayo rada hiyo inachelewa kuiona meli ni sekunde tatu na ushei za kujitetea. Sekunde tatu si haba.

Tarehe 25 Mei makombora ya Exocet yalikuja tena. Manowari zikarusha angani mawingu ya vipande vyembamba vya metali, ambavyo kwa rada huonekana kama meli. Udanganyifu ukafaulu, kisha ukaleta balaa: meli ya mizigo Atlantic Conveyor, isiyokuwa na kinga ya namna hiyo, ikapigwa. Wakafa watu 12, helikopta zikateketea, na askari wa Uingereza waliozitegemea wakavuka kisiwa kwa miguu. Tukio hilo ndilo linaloeleza faida halisi ya mbavu za kulala. Meli yenye mwangwi mdogo haihitaji wingu kubwa la uongo. Hata chambo kidogo kinang'aa kuliko yenyewe.

Rada si jicho pekee, bila shaka. Kuna makombora yanayofuata joto, kwa hiyo moshi wa dohani huchanganywa na hewa baridi kabla haujatoka. Kuna nyambizi zinazosikiliza, na majini sauti husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo mashine hukalishwa juu ya mito ya mpira ili mtetemo wake usifike kwenye bodi. Na kuna kosa la kujitakia: rada ya meli yenyewe ikiwashwa ni sawa na mtu aliyejificha gizani kisha akawasha tochi. Nahodha wa frigeti ya namna hii hushinda akiamua lini azungumze na lini anyamaze.

Wakati wa amani, kunyamaza kunaweza kuua. Penye ukungu, au penye msongamano wa vyombo, meli ya mizigo inayoona alama ya mashua pale palipo na maelfu ya tani za chuma ni hatari kwa wote wawili. Kwa hiyo Zumwalt, baada ya mabilioni ya dola kutumika kufuta mwangwi wake, ilipewa silinda za kurudisha mawimbi ya rada, za kupandishwa juu kwa kamba. Wenye mashua ndogo za mbao na faiba huzifahamu silinda za namna hiyo, maana nao hujitundikia mlingotini ili meli kubwa zisiwapande. Ndani ya zile za mashua mna vibati vyembamba, vimepangwa kwa pembe mraba.