Mwivi au Mgonjwa?

Wasomaji wetu wa Maniema wanaijua Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, mji uliokua kwa ajili ya dhahabu. Mwaka 2016 kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu ya biashara pale Namoya; Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya mashambulio ya watu wenye silaha. Lakini wenye sululu na karai hawakuhitaji kampuni ili waje. Kijana huacha wazazi kijijini, huja kukaa kati ya watu wasiomjua ukoo wala jina.

Basi kijana huyo akipotewa na akili, itakuwaje? Kwao wangesema: "Huyu ni mwana wa fulani, mrudisheni kwa mama yake." Sokoni nani atasema neno hilo? Hulala barazani mwa duka, na asubuhi mwenye duka humfukuza. Njaa ikimbana, hunyosha mkono juu ya sinia la maandazi. Hapo hapo kelele: "Mwivi! Mwivi!" Watu wazima, hata wenye kusali, huokota mawe kwa ajili ya andazi moja.

Akiponea mikononi mwao hutiwa kashoti. Hatuwalaumu polisi peke yao, maana pengine pa kumpeleka hawana. Lakini katika kashoti zetu mfungwa huletewa chakula na jamaa zake, na huyu hana jamaa. Siku ya tatu hufunguliwa akiwa na njaa kuliko alivyoingia, na njia yake ni ile ile ya kwenye sinia.

Hospitali za maradhi ya akili zipo. Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padri Triest huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, walifungua Sosame mjini Bukavu mwaka 1994, na Goma wana Tulizo Letu. Lakini kutoka Salamabila hadi Bukavu, hata kwa mwendo wa ndege angani, ni zaidi ya kilomita 200, na mgonjwa wetu hana mabawa. Nani atamsindikiza? Nani atampikia huko?

Dawa nazo si ngeni. Klorpromazini imetumiwa kwa maradhi haya tangu mwaka 1952, na haloperidoli iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Ulimwengu. Muuguzi wa kituo cha afya, akifundishwa vema na kuangaliwa na mganga, aweza kuzitoa. Bila mafundisho hayo, na kabati likiwa tupu, atamwambia mgonjwa aende zake. Tena dawa hizi hazifanani na za malaria, zinazokwisha kwa siku chache. Wengi huhitaji kuzimeza miezi na miaka, hata wakijiona wamepona. Mtu alalaye barazani atazihifadhi wapi?

Huko Geel, mji mdogo wa Ubelgiji, watu walianza zamani sana kuwapokea wagonjwa wa akili waliokuja kuhiji kwa Mtakatifu Dimfna. Waliwalaza nyumbani mwao, wakala nao meza moja, wakaenda nao shambani. Karibu na mwaka 1938 wageni hao walikuwa zaidi ya 3,000, na desturi hiyo ingali hai. Wenyeji wa Geel si malaika. Serikali huwalipa posho, na waganga huwatembelea. Tunalitaja jambo hilo kwa wale wasemao kwamba kichaa hawezi kukaa na watu.

Hatuwaombi wenye maduka wa Salamabila wawe waganga. Anayemkuta mtu wa namna hii barazani amwulize kwa upole jina lake na kijiji chake. Mara nyingi atajibu, kama si leo, kesho. Wasafiri waendao Kasongo au Kabambare wapewe habari hiyo waifikishe kwao. Naye mama akipata habari kwamba mwanawe yu hai, anaokota mawe sokoni kama chakula, hatauliza njia ni ndefu kiasi gani.