Kiputo cha hewa chaweza kuua chombo angani

Desemba 12, 1970, Kenya ikisherehekea siku ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kusaka miale ya eksirei itokayo angani, kwa vipokezi vinavyohitaji umeme wa volti nyingi.

Umeme huo ndio mtihani. Hewa nzito ya huku chini huuzuia usiruke. Ombwe la angani pia huuzuia. Hatari iko katikati: hewa ikiwa nyembamba, volti 330 hivi zaweza kutosha kurusha cheche.

Ndiyo maana mafundi huzika sehemu za umeme huo ndani ya epoksi au silikoni iliyofyonzwa viputo kwanza. Kiputo kikibaki, hewa yake huvuja polepole huko juu, ikawa nyembamba, kifaa kikapiga shoti. Hakuna fundi wa kukifuata.

Ni kama mzigo wa mfanyabiashara: kasoro hutafutwa ghalani, kabla ya kuvuka mpaka. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei.