Mashua Inayopanda Kilima

Je, mashua yaweza kupanda kilima? Naam, yaweza.

Huko Uingereza upo mfereji wa Kennet and Avon, uliokamilika mwaka 1810. Reli ilipokuja ukachakaa. Watu wa kujitolea wakausimamia, ukafunguliwa tena mwaka 1990. Hapo Devizes una ngazi 29 za maji.

Kila ngazi ni chumba chenye milango mbele na nyuma. Mashua nyembamba, ya upana wa mita 2 hivi, huingia ndani, milango ya nyuma ikafungwa. Tukifungua vilango vidogo, maji ya juu huingia na mashua huinuka.

Wakati wa kushuka tujihadhari: nyuma ya mashua ikikalia kizingiti cha mlango wa juu huku maji yakipungua, mashua huinama ikazama.

Tukishapita, tufunge kila kilango. Kikiachwa wazi, maji huvuja usiku kucha, na wenzetu wanaofuata hukwama topeni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Basi tusiwe sisi wa kuuweka.

Wabillahi tawfiq.